Somo la Kumi na Mbili: Kijidudu Kinachojificha Ndani ya Askari



Bila shaka umewahi kuchomwa na mwiba shambani. Labda uliung'oa palepale, ukaendelea kulima. Lakini ncha yake ilibaki ndani. Usiku mguu ulianza kupwita. Kesho yake mahali pale palikuwa pamevimba, pekundu, na pana joto. Siku ya tatu au ya nne usaha ulitoka, na ncha ya mwiba ikatoka pamoja nao. Baada ya hapo kidonda kilipona.

Je, usaha ule ulitoka wapi? Watu wengine husema ni uchafu wa mwiba. Wengine husema ni damu iliyooza. Lakini sehemu kubwa ya usaha ni maiti za askari. Ndiyo, askari wa mwili wako mwenyewe, waliokufa baada ya kupigana na vijidudu vilivyoingia pamoja na mwiba.

Katika somo hili tutajifunza jinsi askari hao wanavyovimeza vijidudu. Kisha tutamtazama adui mmoja ambaye akimezwa hafi. Adui huyo ni kijidudu cha kifua kikuu, yaani TB. Ukiufahamu ujanja wake, utafahamu pia kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa za miezi mingi, ingawa kikohozi chake kinaweza kupungua mapema.

ASKARI WENYEWE

Ukitazama damu kwa macho unaona maji mekundu tu. Lakini ndani ya damu mna chembe ndogo sana zenye uhai. Nyingi ni nyekundu. Hizo hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Nyingine ni nyeupe. Katika tone moja la damu mna chembe nyeupe zaidi ya laki moja. Hizi nyeupe ndizo askari.

Askari hawa ni wa aina nyingi, kama vile kazi za kijiji zilivyo nyingi. Wako wepesi wanaokimbilia kidonda mara moja. Hao huishi siku chache tu, na ndio wanaojaa katika usaha. Wako wengine wakubwa zaidi, wanaoishi muda mrefu na kukaa kila mmoja mahali pake: katika ini, katika ngozi, katika mapafu. Wataalamu huwaita makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Ukiwapanga makrofaji mstari mmoja, unahitaji kama 50 ili kutimiza urefu wa milimita moja. Vijidudu vya kifua kikuu ni vidogo zaidi. Hivyo vinatakiwa kama 300.

MWIBA WA MWAKA 1882

Mtu aliyeeleza kwanza maana ya vita hivi ni Ilya Mechnikov. Alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo leo inaitwa Ukraine. Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicily, nchi ya Italia. Siku moja watu wa nyumbani kwake walikwenda kutazama nyani waliofundishwa michezo. Yeye alibaki peke yake na hadubini. Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Alikuwa akiwatazama watoto wa kiti cha pweza. Watu wa pwani wanamfahamu mnyama huyu wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto wake ni wadogo sana, na miili yao ni myangavu kama kioo. Ndani ya miili hiyo Mechnikov aliona chembe zikitembea. Akajiuliza: je, chembe hizi zinatembea bure, au ni walinzi? Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri alitazama tena. Chembe zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote.

Ni jambo lile lile la mguu wako, ndugu msomaji. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuona ndani.

Wakati ule waganga wengi walidhani kwamba chembe nyeupe huvibeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Mechnikov alisema hapana, chembe hizo huvimeza na kuviua. Alibishana nao miaka mingi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Hata hivyo, wale waliombishia hawakukosea kabisa. Tutaona hapa mbele.

JINSI ASKARI ANAVYOKULA

Askari huyu hana kinywa wala meno. Mwili wake ni laini kama uji mzito. Anapokigusa kijidudu, hukipapasa kwanza. Akikitambua kuwa ni kigeni, hunyoosha mwili wake upande huu na upande huu, kama unavyofumba kiganja juu ya tonge la ugali. Ncha mbili zikikutana, kijidudu kimo ndani. Lakini hakielei ovyo tumboni mwa askari. Kimefungwa katika kifuko kidogo.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye siri ya somo letu. Ndani ya askari mna vifuko vingine. Vifuko hivyo vimejaa tindikali na vitu vya kuyeyushia chakula, mfano wa vile vilivyomo tumboni mwetu vinavyoyeyusha nyama. Kifuko chenye kijidudu husogea, na vifuko vya tindikali husogea, mpaka vinagusana na kuungana. Tindikali humwagika juu ya kijidudu. Kijidudu hufa na kuvunjika vipande vipande.

Kama vifuko hivyo haviungani, kumeza peke yake hakutoshi. Likumbuke jambo hili.

Vipande vingine askari huvitupa nje. Vichache huvitundika juu ya ngozi yake, kama mwindaji anayeleta ngozi ya chui kijijini ili watu wote waione. Wako askari wengine ambao kazi yao ni kusoma alama hizo na kutoa amri. Hao tuwaite makamanda. Kamanda akishaiona alama ya adui, huwapelekea walaji ujumbe wa kuwaongezea nguvu. Mlaji aliyepata ujumbe huo huwa mkali zaidi kuliko mwanzo.

UJANJA WA ADUI

Vijidudu navyo havikubali kufa bure. Kijidudu kimoja kinacholeta nimonia kimejivika koti la utelezi. Askari akitaka kukishika, kinamponyoka kama kambare mkononi. Mwili unahitaji kwanza kukibandika alama za kushikia, na ndiyo sababu watoto wachanga hupewa chanjo ya nimonia: mwili ujifunze kutengeneza alama hizo mapema. Kijidudu kingine, kile cha majipu, hutoa sumu inayomuua askari kabla hajamaliza kula.

Kijidudu cha kifua kikuu kina njia yake. Chenyewe hakikimbii askari. Kinakubali kumezwa.

Kijidudu hiki kiligunduliwa na Robert Koch wa Ujerumani. Alitangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, mwaka ule ule wa mwiba wa Mechnikov. Mpaka leo tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapoimba, matone madogo sana yenye vijidudu huelea hewani. Mtu mwingine huyavuta. Yale madogo kabisa hufika mwisho wa mapafu, mahali ambapo makrofaji wanalinda. Mlinzi hufanya kazi yake, akakimeza kijidudu. Kijidudu kimo ndani ya kifuko. Vifuko vya tindikali vinasogea. Lakini kijidudu kinatoa kemikali zinazozuia vifuko visiungane. Tindikali haimwagiki. Hata ikimwagika kidogo, kijidudu kimejipaka ganda nene la mafuta kama nta, na ganda hilo hukikinga.

Basi kijidudu kinakaa ndani ya askari kama mwizi aliyejificha katika kituo cha polisi. Kinakula humo. Kinazaana humo. Kinazaana polepole sana. Vijidudu vingi vya kuhara hugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20 vikipata chakula kizuri. Hiki cha kifua kikuu huchukua karibu siku nzima. Hakina haraka. Askari akifa, vijidudu hutoka, vinamezwa na askari wengine, na mambo yanaanza upya. Tena askari mwenyewe anaweza kutembea navyo mpaka kwenye tezi na sehemu nyingine za mwili. Unaona sasa kwa nini nilisema wale waliombishia Mechnikov hawakukosea kabisa.

BOMA

Baada ya wiki kadhaa makamanda hupata habari na kutuma ujumbe. Walaji wengi wakipata ujumbe ule, wanaanza kuviunganisha vifuko kwa nguvu, na vijidudu vingi vinakufa. Vile visivyokufa, mwili hufanya kama wafugaji wafanyavyo. Hujenga boma. Lakini boma hili si la kumzuia fisi asiingie. Ni la kumzuia fisi asitoke. Askari hujipanga kuvizunguka vijidudu, safu juu ya safu, mpaka kunakuwa na kinundu kigumu. Katikati ya kinundu hewa ni kidogo, na nyama iliyokufa inakuwa kama maziwa ya mgando. Vijidudu vilivyobaki humo vinalala. Havikui na havifi. Vinaweza kulala miaka 20 au 40.

Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa. Wengi wao hawaumwi wala hawamwambukizi mtu. Boma lao ni imara. Kati ya watu 100 walioambukizwa, kama watano hadi kumi ndio huugua wakati fulani wa maisha yao.

Ni nini hulibomoa boma? Njaa ya muda mrefu huwadhoofisha askari. Ugonjwa wa kisukari pia, na ulevi, na tumbaku. Kuzidi vyote ni virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo huwaua makamanda. Walaji hubaki bila ujumbe, kama askari wasio na mkuu, na boma linabomoka. Kwa sababu hiyo kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa apime virusi vya UKIMWI. Hapimwi kwa kuwa amefikiriwa vibaya. Anapimwa ili makamanda wake wasaidiwe nao.

Boma likipasuka ndani ya mapafu, ule mgando humwagika katika njia ya hewa na kuacha shimo. Mgonjwa anakohoa, na makohozi yake yana vijidudu vingi. Anatokwa na jasho usiku. Anakonda. Wakati mwingine anatema damu.

KWA NINI MIEZI SITA

Nilipokuwa nikifundisha kisomo katika kijiji kimoja, tulikuwa na mwanakisomo mmoja, mkulima wa mihogo, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko kusoma. Aliugua kifua kikuu, akaanza dawa. Mwezi wa pili kikohozi kikakoma, akarudi shambani, akala vizuri. Akavifunga vidonge vyake katika mfuko wa plastiki, akauchomeka kwenye makuti ya paa. "Mwalimu," aliniambia, "dawa ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa tena. Nitaiweka akiba." Hesabu hiyo ilinipendeza hata mimi, nasema kweli. Sikujua la kumjibu.

Baada ya miezi michache alianza kukohoa tena. Safari hii mjukuu wake mdogo, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, aliugua pia. Mimi na yeye tulikwenda pamoja zahanati. Muuguzi hakumkaripia. Alimwuliza, "Baba, ukipalilia magugu ukakata majani tu, mizizi ukaiacha, mvua ikinyesha inakuwaje?" Mzee akacheka kwa huzuni, akasema, "Yanaota, mwanangu."

Maelezo ya muuguzi yule ndiyo ninayokuandikia hapa.

Dawa huviua upesi vijidudu vinavyokua na kugawanyika. Hivyo ni vingi, na ndivyo vinavyoleta kikohozi. Katika wiki chache za kwanza hufa kwa wingi, na mgonjwa hujisikia amepona. Lakini vile vilivyolala katika boma, na vile vilivyojificha ndani ya askari, dawa huvipata kwa shida. Kitu kisichokula ni vigumu kukilisha sumu. Lazima dawa iwepo kila siku, ingoje, ili kila kijidudu kitakachoamka kiikute mlangoni. Kungoja huko ndiko kunakochukua miezi.

Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Siku hizi dawa nne huwekwa pamoja katika kidonge kimoja. Kila moja ina kazi yake. Iitwayo pirazinamidi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye tindikali, kwa hiyo husaidia kuvimaliza vijidudu vilivyomo ndani ya askari. Iitwayo rifampisini huweza kukiua kijidudu kilicholala kinapoanza tu kuamka. Rifampisini hubadilisha rangi ya mkojo ikawa ya chungwa au nyekundu. Watu wengi huogopa, wakidhani ni damu, wakaacha dawa. Si damu. Ni rangi ya dawa yenyewe. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukitapika sana, rudi zahanati siku hiyo hiyo.

Kwa nini dawa nyingi pamoja? Dawa ya kwanza ya kukiua kijidudu hiki ndani ya mwili iliitwa streptomaisini. Iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilipotolewa peke yake wagonjwa walipata nafuu ya ajabu, kisha wengi wakaugua tena, na safari ya pili dawa haikufaa kitu. Sababu ni hii: katika mamilioni ya vijidudu, vichache vimezaliwa vikiwa haviumizwi na dawa hiyo. Vingine vyote vikifa, hivyo vichache hubaki na shamba zima. Lakini kijidudu kinachoshinda dawa moja, mara nyingi huuawa na ya pili. Mgonjwa anayekunywa leo na kuacha kesho huvipa vijidudu vile nafasi. Mwishowe anakuwa na kifua kikuu sugu, ambacho ni kigumu zaidi kutibu, na jirani akiambukizwa naye anaanza na hicho hicho sugu.

Tena usidhani miezi sita ni mingi kuliko zamani. Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Majaribio makubwa yaliyoonyesha kwamba miezi sita inatosha, kukiwa na dawa zinazofaa, yalifanywa na wataalamu wa Afrika Mashariki na wa Uingereza katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, na matokeo yakaanza kutangazwa mwaka 1972. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa watu kama mimi na wewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu katika mpango huo, na mafunzo yaliyopatikana hapa yalichukuliwa baadaye na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya nchi nyingine. Siku hizi wagonjwa wengine, hasa watoto wenye ugonjwa mwepesi, huweza kutibiwa kwa miezi minne. Muda wako atakuambia mganga, si jirani.

Yule mzee alianza dawa upya. Mara hii vidonge alivitunza mkewe, na kila asubuhi mzee alivimeza mbele yake, kisha akachora mstari mmoja wa mkaa ukutani. Alimaliza mistari yote. Mjukuu naye alipona. Mzee akakohoa kidogo maisha yake yote, kwa sababu mapafu yaliyotoboka hayarudi kuwa kama mwanzo.

NYUMBANI

Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, aende akapimwe makohozi. Katika nchi yetu vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Inapendeza kujua kwamba lile ganda la nta linalokikinga kijidudu ndilo linalokifichua maabara. Mpimaji hukipaka rangi nyekundu, kisha hukiosha kwa tindikali. Vijidudu vingine hupauka. Cha kifua kikuu hubaki chekundu. Mahali pengine siku hizi kuna mashine inayotoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na kuonyesha pia kama kijidudu ni sugu.

Fungua madirisha. Hewa inayopita huyaondoa matone, na jua huviua vijidudu. Mgonjwa azibe kinywa anapokohoa. Sahani na vikombe havileti kifua kikuu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga mtu na chakula cha wenzake. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaokaa na mgonjwa wapelekwe zahanati wakachunguzwe, hata kama hawakohoi, kwani askari wao bado ni wachanga. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo begani, huwakinga watoto na kifua kikuu kikali cha ubongo na cha mwili mzima. Haitoshi kumkinga mtu mzima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Usaha ni nini? Mweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe.

2. Askari akishakimeza kijidudu, ni jambo gani lazima litokee ndani yake ili kijidudu kife? Kijidudu cha kifua kikuu hulizuiaje?

3. Yule mzee alisema, "Dawa ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa tena." Kama ungekuwa mwalimu wake, ungemjibu nini?

4. Mgonjwa anakunywa dawa kila siku kwa miezi sita. Kila mwezi una siku 30. Atachora mistari mingapi ukutani?

5. Ni chumba gani nyumbani kwako ambacho watu wengi hulala pamoja? Kina dirisha? Linafunguka?